Profesa Hynek: Mtu aliyeajiriwa kuzizima taa za angani

Na Mwandishi Wetu, Doha

Jioni ya tarehe 23 Juni 2025 wakaazi wa Doha walitazama juu wakaona taa. Zilipanda, zikakatika, nyingine zikapasuka katikati ya giza na mshindo ukafuata. Watu walitoka nje, simu mkononi. Usiku ule jibu halikuchelewa. Yalikuwa makombora ya Iran yaliyoelekezwa kwenye kambi ya Al Udeid, nje ya jiji, pamoja na makombora ya kujihami yaliyorushwa kuyadungua. Wengi walikwenda kulala wakijua walichokiona.

Si kila taa hupata jibu haraka namna hiyo. Ndugu zetu wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wanafanya kazi ya ulinzi katika nchi za Ghuba, na mlinzi wa zamu ya usiku huitazama mbingu kuliko mtu mwingine yeyote mjini. Akiona msururu wa taa unapita kimya kimya kutoka upande mmoja wa upeo hadi mwingine, atamwambia nani? Msimamizi wake atamuuliza kama alisinzia. Wenzake watamcheka. Kesho yake ataamua kunyamaza, na alichokiona kitakwisha naye.

Ndugu msomaji, alikuwapo mtu mmoja huko Marekani ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alilipwa kusikiliza taarifa za watu wa aina hiyo na kuzitafutia maelezo: wakulima, madereva, askari polisi, wanafunzi, akina mama wa nyumbani. Tukisema kweli, aliajiriwa ili azizime taa zile. Alimaliza maisha yake akiwa mtetezi mashuhuri kuliko wote wa watu walioziona. Jina lake ni Josef Allen Hynek, na safari yake kutoka upande mmoja hadi wa pili inafaa kusimuliwa hata kwa msomaji ambaye haamini hata kidogo habari za visahani vya angani.

Hynek alizaliwa tarehe 1 Mei 1910 mjini Chicago, katika familia yenye asili ya Kicheki. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa sigara, mama yake mwalimu. Siku chache kabla ya kuzaliwa kwake, ile nyota yenye mkia iitwayo Halley, ambayo hurudi kila baada ya miaka 76 hivi, ilikuwa imelipita jua kwa karibu, na magazeti ya dunia nzima yalikuwa yakiiandika. Inasimuliwa kuwa alipokuwa na umri wa miaka saba aliugua homa kali akalazwa nyumbani kwa muda mrefu. Mama yake akawa anamsomea vitabu, na vya watoto vilipokwisha akahamia vya shule. Kimojawapo kilikuwa cha elimu ya nyota.

Hapa tuelewane. Hynek hakuwa mnajimu wa kupiga ramli na kutabiri bahati za watu. Alikuwa mtaalamu wa falaki, mtu wa darubini na hesabu. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1935, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mjini Columbus, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika maabara ya Johns Hopkins kwenye mradi wa fyuzi ya redio, kifaa kilicholifanya kombora lilipuke lenyewe likikaribia shabaha. Vita vilipokwisha alirudi kwenye nyota zake. Angekufa akiwa profesa wa kawaida, anayejulikana na wanafunzi wake tu, kama si jambo lililotokea mwaka 1947.

Tarehe 24 Juni mwaka huo mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiendesha ndege yake ndogo, Kenneth Arnold, aliripoti kuona vitu tisa vinavyong'aa vikipita kwa kasi ya ajabu karibu na mlima Rainier, kaskazini magharibi ya Marekani. Alieleza mwendo wa vitu hivyo kwa mfano wa kisahani kilichorushwa kikarukaruka juu ya maji. Magazeti yakachukua neno kisahani, na katika muda wa wiki chache taarifa zilimiminika kutoka kila jimbo. Ikumbukwe kwamba ulikuwa mwanzo wa Vita Baridi. Wakuu wa jeshi hawakuogopa viumbe wa sayari nyingine. Walichoogopa ni ndege mpya za Warusi.

Jeshi la Anga likaanzisha uchunguzi katika kambi yake ya Dayton, Ohio. Maofisa waligundua mapema kuwa taarifa nyingi zilinuka nyota na sayari, wakatafuta mtaalamu aliye karibu. Columbus iko kiasi cha kilomita 110 tu kutoka Dayton. Hivyo ndivyo Hynek alivyopatikana mwaka 1948. Hakuchaguliwa kwa imani yake wala kwa umaarufu wake. Alikuwa jirani.

Naye aliichukua kazi ile kama mzaha wenye malipo. Kwake visahani vilikuwa homa ya baada ya vita, itakayopita kama mitindo ya nguo inavyopita. Katika taarifa 237 alizopewa mwanzoni, kama theluthi moja alizikuta ni mambo ya falaki, yaani sayari ya Zuhura, vimondo na nyota zinazometameta karibu na upeo. Theluthi nyingine zilikuwa maputo, fataki, ndege za kawaida na hata makundi ya ndege wenye mabawa. Zilizobaki, nyingine hazikuwa na habari za kutosha. Lakini kiasi cha asilimia 20 zilikuwa na habari za kutosha na bado hazikukubali maelezo yoyote. Hynek wa mwaka 1949 hakuzitilia maanani. Aliona kuwa kama nyingi zimepata jibu, hizo nazo zingepata siku moja.

Hatari ya fikra hiyo ilikuwa imeshaonekana. Tarehe 7 Januari 1948 Kapteni Thomas Mantell, rubani wa kikosi cha akiba cha jimbo la Kentucky, alifariki dunia baada ya ndege yake kuanguka akikifukuza kitu king'aavu kilichokuwa juu sana. Hynek alifungua majedwali yake akakuta Zuhura ilikuwa upande ule wa mbingu saa ile, na jeshi likalishika jibu hilo. Baadaye yeye mwenyewe alilikana. Zuhura mchana kweupe ni kidoa hafifu ambacho si rahisi kumvuta rubani. Maelezo yanayokubaliwa na wengi siku hizi ni kuwa Mantell alikuwa analifukuza puto kubwa la utafiti la Jeshi la Wanamaji, aina ya Skyhook, ambalo lilikuwa siri wakati huo. Yaani mkono mmoja wa serikali ulirusha puto, mkono wa pili ukapoteza rubani wake akilifuata, na mkono wa tatu ukawaambia wananchi kuwa ni sayari.

Mwaka 1952 uchunguzi ulibadilishwa jina ukaitwa Project Blue Book. Hynek akafanya jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo lililoanza kumgeuza. Alikwenda akaongea na wataalamu wenzake wa falaki zaidi ya 40, mmoja mmoja, akiwauliza kwa upole wanaonaje habari hizi. Watano kati yao walikiri kuwa wao wenyewe walishawahi kuona kitu angani wasichoweza kukieleza. Hawakuwahi kuripoti. Waliogopa kuchekwa. Maprofesa hao walikuwa na hofu ileile ya mlinzi wa usiku.

Majira ya kiangazi ya mwaka huo taa zilionekana juu ya Washington penyewe, na rada za uwanja wa ndege zikazinasa. Shirika la ujasusi la CIA likaingia. Januari 1953 liliitisha jopo la wanasayansi chini ya H. P. Robertson. Walikaa siku chache tu, wakatoka na uamuzi kuwa taa zenyewe si tishio, ila wingi wa taarifa za wananchi ndio tishio, kwa sababu ungeweza kuziba njia za mawasiliano siku adui atakaposhambulia kweli. Wakapendekeza umma uelimishwe kupitia vyombo vya habari ili hamu yake ipungue, na vikundi vya raia vinavyofuatilia jambo hili viangaliwe. Hynek alihudhuria vikao hivyo kama mshiriki wa pembeni. Hakupinga.

Sisi tuliofanya kazi ya habari katika nchi ambako taarifa rasmi hufika kwenye chumba cha habari kabla wachunguzi hawajafika kwenye tukio, tunayajua mapendekezo ya namna hii hata yakiandikwa kwa lugha ya kisayansi. Shabaha haikuwa tena kujua nini kimeonekana. Shabaha ilikuwa kumfanya aliyeona asiseme.

Na nani alihesabiwa kuwa ameona? Afrika Mashariki na Kati hazikukosa habari zake miaka ileile. Februari 1951 ndege ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa ilileta taarifa ya kitu king'aavu juu ya Kilimanjaro, kilichoonwa na wafanyakazi wa ndege na abiria. Katika majalada ya CIA ya mwaka 1952 imo taarifa iliyonukuliwa kutoka gazeti moja la Vienna, juu ya visahani viwili vya moto vilivyodaiwa kuonekana juu ya machimbo ya urani kusini mwa Kongo ya Wabelgiji, wilaya ya Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Kongo ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Wamarekani, hivyo si ajabu karatasi hiyo kutunzwa. Shahidi anayetajwa humo ni kamanda wa uwanja mdogo wa ndege, aliyedaiwa kuvifukuza visahani hivyo kwa ndege ya kivita. Maelfu ya Wakongo waliokuwa wakifanya kazi chini ya mbingu hiyohiyo hawamo. Hakuna aliyewauliza.

Kejeli ya historia ni kwamba Hynek huyohuyo alikuja kuthibitisha jinsi macho ya raia yalivyo na thamani. Mwaka 1956 aliajiriwa na kituo cha falaki cha Smithsonian huko Cambridge, Massachusetts, chini ya Profesa Fred Whipple, kuandaa mpango wa kufuatilia satelaiti. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi waliporusha Sputnik, kamera kubwa zilizotarajiwa zilikuwa bado hazijawa tayari. Walioziba pengo walikuwa watu wa kujitolea katika mpango ulioitwa Moonwatch: walimu, wanafunzi, mafundi, waliojipanga usiku na darubini ndogo na saa za kuhesabia sekunde. Mtu aliyechekwa aliporipoti taa mwaka 1952, miaka mitano baadaye aliombwa na serikali ileile ailinde nchi kwa macho yake. Kamera zenyewe zilipowekwa hatimaye katika vituo 12 duniani, kimoja kilikuwa Shiraz, Iran, ng'ambo ya Ghuba hii tunayoiona kutoka Doha.

Mwaka 1960 Hynek alihamia Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, akawa mkuu wa idara ya falaki. Kazi ya Blue Book aliendelea nayo pembeni, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo ilivyomkera. Ofisi ilikuwa na watu wachache sana. Taarifa iliyoandikwa na mchunguzi kuwa huenda ni ndege, ikifika kwenye takwimu za mwisho wa mwaka neno huenda lilikuwa limeshadondoka, na taarifa ikahesabiwa kuwa imepatiwa ufumbuzi. Kwa njia hiyo mafanikio yalipanda bila mtu kutoka nje ya ofisi.

Tarehe 24 Aprili 1964, karibu na mji mdogo wa Socorro, New Mexico, askari polisi Lonnie Zamora alikuwa anafukuza gari lililokwenda mbio alipouona moto ukishuka. Alipofika alikuta, kwa maelezo yake, kitu cheupe chenye umbo la yai kikiwa kimesimama juu ya miguu, na watu wawili wafupi wenye mavazi meupe kando yake. Kikanguruma, kikapanda, kikaondoka. Vichaka vilikutwa vimeungua na ardhi ina alama. Hynek alifika siku chache baadaye kwa nia ya kumkamata shahidi katika uongo. Alimhoji, akarudi kumhoji, akauliza watu wa mji habari zake. Hakumkamata. Blue Book yenyewe ikaandika kuwa kesi hiyo haina maelezo.

Lakini tukio lililompa Hynek aibu isiyofutika lilikuwa bado mbele.

Tarehe 20 Machi 1966 mkulima mmoja wa karibu na mji wa Dexter, Michigan, aliona taa juu ya kinamasi kilichopakana na shamba lake. Akaenda kuzitazama yeye na mwanawe. Polisi walioitwa nao waliona taa. Usiku uliofuata, katika chuo cha Hillsdale kilicho katika jimbo hilohilo, wanafunzi wa kike 87 na ofisa wa ulinzi wa raia walizitazama taa kwa saa kadhaa kutoka kwenye madirisha ya bweni. Habari ikatapakaa nchi nzima, na Jeshi la Anga likamtuma Hynek.

Alikuta jimbo zima limeshikwa na homa. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyopanda gari la polisi lililokuwa likikimbia huku na huku kufuata kitu angani, redio zikipiga kelele, na alipotazama akaona wanaifukuza nyota iitwayo Arcturus. Ukimsoma mtu anayemdharau Hynek, hutolea mfano habari hii kuonyesha ujinga wa raia. Ukimsoma anayempenda, huiruka. Sisi tunaona inastahili kubaki palepale ilipo, kwa sababu watu wenye akili zao timamu waliweza kuikimbiza nyota na bado, usiku uleule au wa jirani, wengine wakawa wameona kitu halisi. Mchunguzi analipwa kutenganisha hayo mawili.

Hakupewa muda wa kuyatenganisha. Jeshi lilitaka jibu, na tarehe 25 Machi uliitishwa mkutano na waandishi wa habari mjini Detroit. Ukumbi ulifurika. Hynek alikuwa na karatasi ya maelezo yenye tahadhari nyingi. Alieleza kuwa kwa matukio mawili tu, la Dexter na la Hillsdale, yote yakiwa penye kinamasi, inawezekana, bila uthibitisho, kuwa kilichoonekana ni gesi inayotoka kwenye majani yanayooza chini ya maji, ambayo huweza kuwaka mwali hafifu. Waandishi waliposikia neno gesi ya kinamasi hawakungoja mengine. Walikimbilia simu.

Kesho yake tahadhari zote zilikuwa zimeyeyuka na neno moja limebaki. Wachora katuni walipata riziki ya mwezi mzima. Mkulima, ambaye kosa lake lilikuwa kuita polisi, aligeuzwa kichekesho mbele ya majirani na kusumbuliwa na wageni waliovamia shamba lake. Wanafunzi wa Hillsdale waliambiwa, kwa maana halisi, kuwa watu 87 hawajui tofauti ya mwali wa kinamasi na kitu kingine. Hapa lawama inatugusa waandishi pia. Karatasi ya Hynek ilikuwa na maneno mengine, na hatukuyasubiri.

Mbunge aliyekuwa kiongozi wa upinzani katika Baraza la Wawakilishi, Gerald Ford, mtu wa Michigan ambaye baadaye alikuwa rais, alikasirika kwa niaba ya wapigakura wake, akadai Bunge lichunguze. Kikao kilifanyika Aprili mwaka huohuo. Matokeo yake Chuo Kikuu cha Colorado kilipewa kazi ya uchunguzi huru chini ya mwanafizikia Edward Condon. Ripoti yake ilitoka Januari 1969, na hitimisho likawa kwamba hakuna faida ya kisayansi kuendelea, ingawa ndani ya ripoti yenyewe mlikuwa na kesi kadhaa ambazo wachunguzi walishindwa kuzieleza. Desemba mwaka huo Blue Book ikafungwa. Katika miaka yake yote jalada lilikuwa na taarifa 12,618. Kati ya hizo, 701 zilibaki bila maelezo.

Hynek alikuwa na miaka 59. Angeweza kustaafu na kejeli zake. Badala yake alianza upya. Mwaka 1972 alitoa kitabu kiitwacho The UFO Experience, akapanga taarifa kwa makundi. Kundi la kwanza aliliita taa za usiku, nalo ndilo lenye taarifa nyingi na ushahidi dhaifu. Kisha yakaja yanayoonekana mchana, na yanayonaswa na rada na macho kwa pamoja. Matukio ya karibu, chini ya mita 150 hivi, aliyagawa mara tatu: kinachoonekana tu, kinachoacha alama, na kinachoonekana na viumbe. Mgawanyo huo wa mwisho ndio Steven Spielberg alioupa jina filamu yake ya mwaka 1977, Close Encounters of the Third Kind. Hynek alikuwa mshauri wake, na mwishoni anaonekana kwa sekunde chache, mzee mwenye ndevu na kiko.

Umaarufu wa filamu umefunika kazi yenye thamani zaidi. Mwaka 1973 alianzisha kituo chake cha utafiti, na mchunguzi wake Allan Hendry alizifuata taarifa 1,307 za raia moja baada ya nyingine, nyingi kwa simu. Karibu tisa katika kila kumi zilipata maelezo ya kawaida. Taa nyingi za usiku zilikuwa nyota, au ndege ndogo zilizobeba mabango ya taa kutangaza bidhaa. Hendry alifika huko bila kumdharau aliyepiga simu. Aliuliza saa, upande wa dira, kimo kutoka kwenye upeo, muda, na kama taa ilisonga ukilinganisha na paa la nyumba au mlingoti. Halafu alipiga simu uwanja wa ndege na kituo cha hali ya hewa.

Maswali hayohayo yanamtosha mtu wa Doha leo. Msururu wa taa nyingi zinazofuatana kwa nafasi sawa, muda mfupi baada ya machweo au kabla ya alfajiri, kwa kawaida ni satelaiti za Starlink, ambazo zimekuwa zikirushwa kwa makundi tangu Mei 2019. Taa nyeupe isiyosonga juu ya jangwa la magharibi baada ya magharibi, mara nyingi ni Zuhura. Wekundu unaotetemeka chini ya mawingu upande wa kaskazini unaweza kuwa moto wa gesi inayochomwa Ras Laffan. Taa inayoning'inia dakika nyingi juu ya bahari bila kusogea inaweza kuwa ndege inayokuja moja kwa moja kwako kutua Hamad. Wazee wa pwani yetu wakiona kimondo husema ni shetani anapigwa. Hata wao walikuwa na maelezo, na hawakumcheka aliyeona.

Miaka ya mwisho ya Hynek ilikaribia sana upande huu wa dunia. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Septemba 1976 wakaazi wa Tehran walipiga simu uwanja wa Mehrabad kueleza taa angani, na jeshi la Iran likapeleka ndege mbili za Phantom. Marubani walidai vyombo vyao vilizima walipoikaribia. Wenye shaka wametaja sayari ya Mshtarii na ubovu wa vyombo, na ubishi haujesha. Novemba 1978 wafanyakazi wa mafuta kaskazini mwa Kuwait, huko Umm al-Aish, waliripoti kitu kikubwa chenye taa, na mitambo ya kusukuma mafuta ikasimama. Serikali ya Kuwait iliunda kamati ya wataalamu. Kamati ilikataa dhana ya ujasusi lakini haikutoa jibu la mkato.

Mwezi uleule, tarehe 27 Novemba 1978, Hynek alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mjini New York, kwa juhudi za waziri mkuu wa kisiwa kidogo cha Grenada, Eric Gairy, akiomba nchi wanachama ziwe na mahali pa kupokea na kubadilishana taarifa hizi. Baraza Kuu lilipitisha uamuzi Desemba, likaziachia nchi zichukue hatua zinazoona zinafaa. Machi 1979 Gairy alipinduliwa, na suala likakosa mwenyewe.

Tusimpambe marehemu. Uzeeni alisikiliza mno. Alivutwa na dhana za ulimwengu sambamba na nguvu za nafsi, na wapinzani wake, akiwemo mwandishi Philip Klass, walimshambulia kwa kuwaamini mashahidi kupita kiasi. Walikuwa na hoja. Pia kipimo chake cha shahidi mwaminifu kilielemea rubani na polisi kuliko mtu wa hali ya chini. Lakini hakuwahi kudai kuwa anajua taa zile ni nini, na kuhusu wageni kutoka sayari nyingine alibaki na shaka zake.

Alifariki tarehe 27 Aprili 1986 huko Scottsdale, Arizona, kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 75. Halley ilikuwa imerudi. Ilikuwa imelipita jua mwezi Februari na bado ilikuwa inatazamwa kwa darubini wiki aliyokufa.

Majalada ya Blue Book yamehifadhiwa na yeyote anaweza kuyasoma. Kati ya 2019 na 2020 maisha yake yalifanywa tamthilia ya televisheni, yenye chumvi nyingi. Na mwaka 2021 serikali ya Marekani ilirudi palepale alipoanzia, ikatoa ripoti ya matukio 144, ikiweza kulieleza kwa uhakika moja tu, puto lililokuwa likiishiwa hewa. Taarifa zote 144 zilitoka ndani ya serikali, nyingi kwa marubani wa Jeshi la Wanamaji. Wizara ya Ulinzi ikafungua ofisi mpya mwaka 2022, na Oktoba 2023 ofisi hiyo ikaweka fomu kwenye mtandao ya kupokea ushuhuda. Fomu hiyo ilikuwa kwa watumishi wa serikali, wa wakati huo na wa zamani, pamoja na wakandarasi wao. Mkulima wa Dexter asingeweza kuijaza.